Chumvi, Kuvu na Michoro ya Kale Ukutani

(Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya usharika)



Sheria ya Musa inayo sura moja ambayo husomwa mara chache sana ibadani, nayo ni ya 14 katika kitabu cha Mambo ya Walawi. Humo zimo taratibu za kumtakasa mtu mwenye ukoma. Kisha, pasipo msomaji kutazamia, yanafuata maagizo juu ya nyumba yenye ukoma. Mwenye nyumba akiona alama za kijani au nyekundu zilizozama ukutani, haendi kwa mwashi, bali huenda kwa kuhani. Kuhani naye hakimbilii kubomoa. Huamuru vyombo vitolewe nje, huingia, hutazama, kisha huifunga nyumba kwa siku saba na kurudi kutazama tena. Ndipo mawe yaliyoathirika huondolewa, kuta hukwanguliwa na lipu mpya hupigwa. Na ni pale tu alama zinaporudi baada ya hayo yote ndipo nyumba hubomolewa. Wahubiri wengi huiruka sehemu hiyo, na si ajabu. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kutunza jengo la kale atakiri kwamba mwandishi wake aliujua ukuta. Alijua kwamba doa linaloonekana nje ni habari ya jambo lililo ndani, na kwamba kutazama na kungoja ni sehemu ya tiba.

Jambo hilo linaugusa usharika huu moja kwa moja. Juu ya tao la madhabahu, katika kanisa la zamani, liko andiko la Biblia lililochorwa kwa brashi, na pande zake mbili yamo mapambo ya makuti ya mtende. Waliolichora hawakuacha majina yao popote. Yamkini walikuwa vijana wa darasa la kwanza la ubatizo, waliojifunza herufi na kuzichora ukutani karibu kwa wakati mmoja. Leo nusu ya herufi hizo zimefunikwa na unga mweupe na utando wenye wekundu uliofifia, na upande wa kaskazini rangi inabanduka kama magamba ya samaki. Familia moja yenye moyo wa ukarimu imekwisha kutoa makopo ya rangi ya mafuta ili ukuta wote upakwe upya kabla ya kilele cha Jubilei. Baraza la Wazee bado halijakata shauri. Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya shauri hilo, ijapokuwa njia yake inapita mbali: Misri, Italia, Hispania, na mashamba ya chumvi ya Slovenia.

Ni vema kuanza na chumvi yenyewe. Kuta za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, zikaunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na mara nyingi kwa mchanga uliochotwa karibu na bahari. Chumvi, basi, ilikuwamo ukutani tangu siku ya kuweka jiwe la msingi. Ukuta ukikaa mkavu, chumvi hulala. Maji yakiingia, ama kutoka ardhini ama kutoka kwenye paa linalovuja, chumvi huyeyuka na kusafiri pamoja na maji hadi karibu na uso wa ukuta. Hapo maji hukauka na kuondoka, lakini chumvi haiwezi kuondoka. Hujijenga kuwa fuwele ndogo ndogo nyuma ya rangi, na fuwele hizo zinapokua husukuma kwa nguvu inayoweza kupasua jiwe, sembuse tabaka la rangi lenye unene wa karatasi. Masika yakirudi, fuwele huyeyuka. Kiangazi kikija, hujijenga tena. Hivyo ukuta huliwa kutoka ndani mwaka baada ya mwaka.

Mfano mashuhuri wa maangamizi hayo uko katika bara hili la Afrika. Kaburi la malkia Nefertari, mke wa Farao Ramesses wa Pili, liligunduliwa na Mwitaliano Ernesto Schiaparelli mwaka 1904 katika Bonde la Malkia, ng'ambo ya mji wa Luxor. Michoro yake ni ya zaidi ya miaka 3,200, nayo ni miongoni mwa michoro mizuri kupita yote iliyosalia Misri. Lakini fuwele za chumvi ya kawaida, ile ile itiwayo katika chungu, zilikuwa zimejijenga kati ya mwamba na lipu na kuibandua lipu kwa vipande vizima vizima. Kati ya mwaka 1986 na 1992, Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani, ikishirikiana na serikali ya Misri, iliwatuma mafundi wakiongozwa na mtu na mkewe, Paolo na Laura Mora, kuviimarisha vipande hivyo kimoja kimoja. Hawakupaka rangi mpya mahali palipopotea. Palipokuwa tupu paliachwa tupu.

Pamoja na chumvi huja viumbe wanaoipenda. Mtu aliyekwenda kwenye majaruba ya chumvi wakati wa kuvuna ameona jinsi maji yanavyogeuka rangi ya waridi, na aliyefika Ziwa Natron au Magadi ameona wekundu mkubwa zaidi. Rangi hiyo si ya chumvi. Ni ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hustawi mahali ambapo viumbe wengine hukaushwa na kufa. Viumbe wa jamaa hiyo wameonekana pia makanisani. Katika kanisa dogo la Mtakatifu Virgil lililo chini ya ardhi mjini Vienna, na katika kanisa la ngome ya Herberstein, huko huko Austria, watafiti walichunguza utando wa rangi ya waridi uliotanda juu ya kuta zenye chumvi nyingi, wakakuta kwamba ni makazi ya viumbe wapenda chumvi. Ndipo alama nyekundu za kitabu cha Walawi zinapopata maelezo ambayo makuhani wa kale hawakuwa nayo, ingawa macho yao hayakukosea.

Hadi hapo viumbe hao wanaonekana kuwa maadui tu. Sehemu inayofuata ya habari inakwenda kinyume chake.

Katika mji wa Pisa, Italia, kando ya ule mnara ulioinama, liko jengo la makaburi liitwalo Camposanto, yaani Uwanja Mtakatifu, lililoanza kujengwa mwaka 1278. Kuta zake za ndani zilifunikwa kwa michoro ya Biblia na ya maisha ya watakatifu, ukiwamo ule mkubwa uitwao Ushindi wa Mauti, uliochorwa na Buonamico Buffalmacco katika karne ya 14. Tarehe 27 Julai 1944, wakati wa mapigano ya Vita Kuu ya Pili, kombora liliangukia paa. Mbao zikashika moto, na mabamba ya risasi yaliyoezekwa juu yake yakayeyuka na kutiririka juu ya kuta. Kapteni Deane Keller, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa uchoraji katika Chuo Kikuu cha Yale, aliwakusanya askari na mafundi wa Kiitaliano wakaweka paa la muda ili mvua isimalize kile moto ulichobakiza. Mtu huyo aliupenda ukuta ule kiasi kwamba mabaki yake yalizikwa humo mwaka 2000.

Baada ya vita mafundi waliamua kuibandua michoro iliyosalia. Njia yao ilikuwa hii: walipaka gundi ya wanyama, itokanayo na ngozi na mifupa, wakabandika kitambaa juu ya mchoro, wakangoja ikauke na kujikaza, kisha wakakivuta kitambaa pamoja na tabaka la rangi. Rangi ikatoka ukutani kama ngozi inavyotoka kwenye tunda. (Chini yake ilionekana michoro ya awali kwa udongo mwekundu, ambayo wachoraji wa kale waliitumia kama kielelezo, na ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiona kwa miaka 600. Leo inayo makumbusho yake yenyewe mjini humo.) Ilikuwa kazi ya dharura, iliyofanywa kwa nia njema, na bila hiyo vingi vingalipotea kabisa. Lakini gundi haikuondolewa yote. Ilizeeka, ikawa nyeusi, ikakakamaa kama pembe. Mchoro wa Spinello Aretino juu ya kuongoka kwa Mtakatifu Efisio na vita vyake, wa miaka ya 1390 hadi 1391, ulikuwa miongoni mwa iliyoathirika vibaya. Dawa za kemikali zilijaribiwa, gundi ikagoma. Dawa iliyokuwa na nguvu ya kuivunja gundi ilikuwa na nguvu ya kuila rangi pia.

Ndipo mtaalamu wa viumbe wadogo, Giancarlo Ranalli, pamoja na wenzake, walipopendekeza jambo ambalo mwanzoni lilisikika kama mzaha: kutia bakteria hai juu ya mchoro wa karne ya 14. Kwenye kazi ya Pisa alikuwapo pia Gianluigi Colalucci, fundi mkuu aliyesimamia usafishaji wa michoro ya Michelangelo katika kanisa la Sistine huko Vatican, kati ya mwaka 1980 na 1994. Mtu wa sifa kama hizo alikuwa na mengi ya kupoteza endapo jaribio lingeharibika. Bakteria waliochaguliwa, waitwao Pseudomonas stutzeri, hupatikana katika udongo wa kawaida. (Siku hizi wanasayansi wamelibadilisha jina lao la kwanza, kama ilivyo desturi yao.) Walilowekwa katika pamba, pamba ikabandikwa juu ya mchoro kwa muda wa saa 10 hadi 12, katika joto la nyuzi 28 hadi 30 za sentigredi, yaani joto la siku ya kawaida ya pwani. Pamba ilipoondolewa, sehemu kubwa ya gundi ilikuwa imeliwa. Masalia yalimalizwa kwa kimeng'enya kilichosafishwa, chenye kazi moja tu ya kuvunja protini. Rangi ya Spinello haikuguswa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Njia hiyo iliendelea kutumiwa katika michoro mingine ya jengo lile, na mwaka 2018 Ushindi wa Mauti ulirudishwa ukutani pake baada ya zaidi ya miaka 70.

Hapa yafaa kueleza kwa nini rangi haikuliwa. Kimeng'enya ni protini itengenezwayo na kiumbe hai kwa ajili ya kazi maalumu, mfano wa ufunguo uliochongwa kwa kufuli moja. Kipo kivunjacho protini, kama vile gundi ya wanyama, maziwa na yai. Kipo kivunjacho mafuta. Kipo kivunjacho wanga. Katika mchoro wa fresko rangi hutiwa juu ya lipu mbichi ya chokaa, na chokaa inapokauka hugeuka kuwa jiwe na kuifunga rangi ndani yake. Jiwe si protini. Kimeng'enya cha kuvunja gundi hulipita kana kwamba halipo. Tindikali haina ubaguzi wa namna hiyo, wala brashi ya waya. Jambo hili mafundi walilijua kwa vidole kabla ya kulijua kwa kitabu: tangu zamani wasafishaji wa picha wamekuwa wakilowesha pamba kwa mate yao wenyewe na kufuta vumbi lililoganda, na mwaka 1990 watafiti wa Ureno walionyesha kwamba siri ya mate ni kimeng'enya cha kuvunja wanga kilichomo ndani yake. Msomaji wa Yohana sura ya 9 atatabasamu, na anayo ruhusa.

Huko Valencia, Hispania, kanisa la Santos Juanes lilichomwa moto mwaka 1936 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na michoro ya Antonio Palomino darini mwake ikaungua. Baadaye ilibanduliwa kwa gundi, nayo yakatokea yale yale ya Pisa, na chumvi juu yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Valencia, miongoni mwao Pilar Bosch, waliwaweka bakteria wale wale katika utando mzito wa agari, ile itokanayo na mwani wa baharini, wakaubandika kwa muda wa dakika 90 tu. Bakteria hao wanao uwezo wa kuigeuza chumvi ya aina ya naitreti kuwa hewa ya naitrojeni. Chumvi ya aina hiyo, kwa maneno mengine, hutoweka hewani.

Lakini si kila chumvi huliwa hivyo. Chumvi ya bahari haigeuki hewa, nayo ndiyo adui wa kuta za pwani. Tena huleta tatizo la pili. Vimeng'enya vya kawaida vikikutana na chumvi nyingi hunyang'anywa maji, hupoteza umbo, hugandamana na kuacha kazi. Fundi huweka dawa ukutani asubuhi, na jioni gundi iko pale pale. Ni hapo ndipo kuvu zinazopenda chumvi zinapoingia katika habari hii.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba katika maji ya chumvi kali huishi bakteria na jamaa zao tu. Mwaka 2000 mtafiti Nina Gunde-Cimerman wa Chuo Kikuu cha Ljubljana na wenzake walitangaza kwamba mashamba ya chumvi ya Sečovlje, katika pwani ya Slovenia, ni makazi ya kudumu ya kuvu nyeusi. Mojawapo, Hortaea werneckii, huweza kukua katika maji yasiyo na chumvi kabisa na vilevile katika maji yaliyoshiba chumvi. Nyingine, Wallemia ichthyophaga, haiwezi kuishi pasipo chumvi ya asilimia 10 au zaidi, yaani takribani mara tatu ya ile ya bahari. Ndani ya mwili wake kuvu ya namna hii hairuhusu chumvi ijae; hujitengenezea giliserini ili kuyazuia maji yake yasinyonywe. Lakini kuvu haina mdomo wala tumbo. Humwaga vimeng'enya vyake nje, huyeyusha chakula huko huko, kisha hukifyonza. Kwa hiyo vimeng'enya vya kuvu ikaayo chumvini hufanya kazi katikati ya chumvi tangu siku ya kwanza. Havihitaji kuzoezwa. Wanaotafuta dawa ya kuondoa gundi, uchafu wa mafuta na ukungu mfu katika ukuta wenye chumvi wamekuwa wakivielekea vimeng'enya hivyo kwa sababu hiyo.

Ieleweke vizuri kwamba kuvu yenyewe haipelekwi ukutani. Kuvu hutuma nyuzi zake ndani ya lipu, hutoa tindikali iyeyushayo chokaa, na huacha mbegu zitakazoota masika yajayo. Kinachochukuliwa ni maji yake ya vimeng'enya tu, yaliyochujwa hadi yasiwe na chembe hai, kisha huwekwa katika utando, huachwa kwa muda uliopimwa na kufutwa kwa maji safi. Tena kazi hiyo, tofauti na ile ya bakteria wa Pisa, kwa sehemu kubwa ingali katika maabara na vipande vya majaribio. Anayeisifu kuliko ilivyofikia anaidhuru.

Vilevile ipo michoro ambayo dawa hii ingeiangamiza. Mchoro uliofanywa juu ya lipu kavu, rangi ikiwa imechanganywa na yai au gundi, umeshikwa na protini ile ile ambayo kimeng'enya kimetumwa kuila. Ndiyo maana uchunguzi hutangulia. Wakati mwingine uchunguzi husema: acheni. Katika kaburi la Tutankhamun madoa ya kahawia yaliyotapakaa ukutani yalichunguzwa na Taasisi ya Getty katika mradi ulioanza mwaka 2009 na kumalizika mwaka 2019. Ilithibitika kwamba ni mabaki ya viumbe wadogo waliokufa zamani, na kwamba yamezama ndani ya rangi. Kuyaondoa kungeondoa rangi pia. Madoa yakaachwa.

Andiko lililo juu ya tao la madhabahu hapa si fresko. Lilichorwa juu ya chokaa kavu, na hakuna ajuaye rangi yake ilichanganywa na nini. Kwa hiyo hakuna anayependekeza kuvu wala bakteria mahali pale. Kinachopendekezwa ni kwamba lisiguswe kwa haraka. Rangi ya mafuta huziba vinyweleo vya ukuta. Maji yaliyomo ndani hukosa pa kutokea, na chumvi hujikusanya nyuma ya rangi hiyo mpya hadi itakapoisukuma yote, pamoja na herufi zilizo chini yake. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa hufanya vivyo hivyo, na ubaya wake ni mkubwa zaidi kwa kuwa haibanduki bila kutoka na jiwe. Dawa ya klorini, ambayo imependekezwa kwa ajili ya ule utando mwekundu, huua viumbe kwa siku chache na kuacha nyuma yake chumvi nyingine, yaani chakula cha fuwele. Na wakwanguaji kwa brashi ya waya hawana budi kukumbushwa kwamba herufi hizo hazina nakala.

Ukuta wa kaskazini unalowa kwa sababu mfereji wa paa upande ule umetoboka, na maji ya mvua humwagika karibu na msingi. Hilo fundi wa bati anaweza kulitengeneza kwa siku mbili. Mtaro wa kuyaongoza maji mbali na msingi ni kazi ya vijana wa usharika kwa Jumamosi moja au mbili. Baada ya hapo ukuta uachwe ukauke kwa kiangazi kizima, madirisha yakifunguliwa mchana; unga wa chumvi mahali pasipo rangi ufutwe kwa brashi laini iliyo kavu, pasipo maji; na picha zipigwe kila mwezi, kutoka mahali pale pale, ili ijulikane kama madoa yanapanuka au yamesimama. Katika muda huo Dayosisi inaweza kuombwa msaada wa kuwasiliana na wataalamu wa mambo ya kale. Chokaa ya kawaida ndiyo ipakwe katika kuta nyingine za kanisa, kama walivyofanya waliolijenga.

Makopo ya rangi yaliyotolewa hayatapotea. Kuta za shule ya chekechea ni za matofali ya saruji, hazina chumvi wala michoro, na hazijapakwa rangi tangu zilipojengwa. Familia iliyojitolea imekwisha kuulizwa juu ya jambo hilo, nayo imeridhia.